Kondoo wa Soksi Amehama

Kituo cha hali ya hewa, mlimani
3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa chini unakula chakula cha moto, si kipande cha mkate ukiwa umesimama jikoni. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Simu haishiki kabisa. Gari la mizigo linapanda kila Jumanne, na ndilo litakalotubebea barua. Umeme wa jua tulionao ni wa vipimo tu, ndiyo maana nimekuachia wewe gemu langu.

Najua ulinikubalia huku unasinzia, kwa hiyo narudia. Gemu ni kijiji. Wanakijiji ni wanyama, wanavaa nguo na wanaongea. Ukiwasha, wasalimie wote, ng'oa magugu, basi. Kazi kubwa ni moja: asihame mtu. Wanahama hawa, Baba! Na akishafunga maboksi hakuna kumrudisha. Hasa nichungie Kondoo wa Soksi. Alihamia kwangu mwezi ule ule tuliomzika Mama, na kuna siku nilikuwa siongei na mtu mwingine yeyote ila yeye.

Nikishuka likizo mwezi wa nane nataka nikute kila kitu mahali pake: Kondoo kwake, kochi la Mama pale dirishani, na wewe juu ya kochi hilo. Usibadilishe hata pazia.

Nakupenda sana.
Mwanao


Nyumbani
9 Februari

Mwanangu, mama,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha makochi yote niliyowahi kuyabeba. Kula nakula. Habari za mkate umezipata wapi, nani anakupelekea maneno?

Kijiji nimekifungua. Nikaona saa yake haiendi sawa na ya ukutani kwetu. Nikasema ngoja niirekebishe, na katika kubonyezabonyeza nikajikuta nimevuka mwaka mzima. Lahaula! Magugu kila mahali, mende ndani ya nyumba yako, na kila mnyama ananiuliza nilipotelea wapi. Nilipita mlango kwa mlango kuomba radhi. Bata alilia. Yule Nyani wa Mazoezi akaniambia naona umenenepa. Saa nimeirudisha, lakini aibu bado ninayo.

Sasa nieleze, mtu anahama kwa dalili gani? Kinyozi, yule wa hapa mtaani kwetu, anasema wanahama ukiwakosea. Mimi nikaona hapo hapo pa kumwondoa Nyani, maana simtaki, kutwa yuko mbele ya duka anapiga pushapu na kulisema tumbo langu. Nikamtandika na wavu wa vipepeo. Akanuna, akafuka moshi kichwani. Kesho yake kaniletea zawadi ya kiti! Tena kiti chenyewe kimeshonwa ovyo, mshono wa nyuma umekwenda upande, mimi fundi makochi naletewa kitu kama kile. Hahami ng'o.

Mama Mikate, yule mjane mwenye tanuri mtaa wa nyuma, alikuja kuchukua stuli zake akanikuta nafukuzana na Nyani. Alicheka mpaka ikabidi nimpe stuli mojawapo akalie. Yeye anasema tuache ugomvi, tuangalie nani anatembea peke yake bila shughuli. Ana akili sana yule mama. Tutafuatilia.

Jifunike vizuri.
Baba yako


Kituoni
17 Februari

Baba,

Shikamoo. Hujambo, mgongo haujambo? Mimi mzima, ila nimecheka hadi mpishi wetu akaja kuona kama ni baridi imenipanda kichwani.

Umempiga Nyani, Baba? Ugomvi haumhamishi mtu. Ungekuwa unawahamisha, yule angeshaondoka zamani, hata mimi nimemjaribu. Gemu linachagua lenyewe, halina upendeleo. Dalili ni moja. Mwenye nia ya kuhama anazunguka uwanjani na kawingu kadogo juu ya kichwa. Ukimwendea atakwambia mwenyewe: nafikiria kuhama, wewe unasemaje? Hapo kuna majibu mawili, abaki au aende. Ukimwambia abaki anabaki, tena anafurahi. Usipomwendea anazunguka tu na wingu lake. Hakuna anayeondoka bila kukuuliza na wewe ukamjibu. Ndiyo sheria ya kijiji.

Sasa Nyani akiwa na wingu, mwambie aende na Mungu ampe safari njema. Wengine wote, baki. Kondoo wa Soksi, baki, baki, baki. Ni neno moja tu, utaliweza.

Halafu huyo Mama Mikate anakuja kwetu kila siku kuchukua stuli? Ana stuli ngapi?

Mwanao anayekuamini


Nyumbani
11 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Habari za huko, baridi imepungua? Sisi huku wazima. Naandika taratibu kwa sababu nina habari, na habari yenyewe si nzuri.

Juzi tuliwasha, mimi na Mama Mikate. Alikuwa ameleta mkate wa moto, kwa hiyo usiniulize kuhusu chakula. Uwanjani tukamwona Kondoo wako anazungukazunguka, ana wingu. Mama Mikate akanambia, "Mwendee, Fundi, umwambie abaki, huyo ni wa mtoto." Nikasema hilo halina mjadala. Nikamwendea.

Mwanangu, ungemsikia alivyosema! Kwanza alinisalimia. Akauliza hali yangu. Ndipo akasema, hapa nimekaa vizuri na nimependwa, lakini natamani kuona kwingine kabla sijachoka, wewe unasemaje? Na zile soksi zake za mistari, moja imeshuka. Kidole nilikuwa nimekiweka kwenye baki, nakuapia. Nikajiuliza, mtu mzima na akili zake amekuja mwenyewe kuomba ruhusa kwa heshima yote hiyo, namshikaje shati? Nimshike nimpeleke wapi? Kidole kikaenda chenyewe kwenye aende.

Mama Mikate alipiga kelele, "Fundi, umefanya nini!" Nikabonyeza kila kitufe kilichopo, wapi. Jana nilimkuta ndani na maboksi, ananishukuru. Anasema hatatusahau. Ilibidi nitoke nje nipunge hewa.

Leo kwenye kiwanja chake kitupu nimeweka kochi, ili wanyama wapate pa kukaa. Amekuja kukaa nani? Nyani.

Nisamehe, mama.
Baba yako


Kituoni
17 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Umemruhusu! Nilikwambia neno moja, Baba, moja, nikaliandika mara tatu! Kinyozi unamsikiliza, Mama Mikate unamsikiliza, kondoo unamsikiliza, mimi tu hunisikii. Nimelia mbele ya kipimo cha mvua mpaka mwenzangu wa zamu akaja mbio, ananiuliza nani amefariki. Nikamwambia kondoo amehama. Aliniangalia weee, akarudi ndani polepole, na tangu hapo ananipa chai ya sukari nyingi kama mgonjwa.

Cheka, lakini mimi sicheki. Nimekuomba kitu kimoja, nikirudi nikute watu wangu. Wanyama wenyewe hawazidi kumi. Ni kazi gani hiyo ya kumshinda mtu anayeshona kochi zima kwa mkono?

Naomba usimruhusu mtu mwingine.
Mwanao


Kituoni
7 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nasema natumaini kwa sababu sijui, gari limepanda mara tatu halina barua yako. Mpishi amepata barua hata kutoka kwa shemeji yake asiyeelewana naye. Mimi nasimama pale kwenye gari kama mtu aliyekuja kuomba lifti.

Nilikuandikia kwa ukali, na ukali ule haukuwa wa kukuandikia wewe. Nisamehe, Baba. Kondoo amehama, basi, yamekwisha, hata Nyani nimemkubali. Unaumwa? Mgongo umekulaza? Kama umenuna, nuna kwa maandishi nijue. Hata mstari mmoja unatosha.

Binti yako anayekuwaza


Nyumbani
20 Aprili

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba, na pole kwa kukutia wasiwasi. Siumwi. Sijanuna. Nilikuwa naandika na kuchana, naandika na kuchana, mpaka Kinyozi akaniuliza kama siku hizi nauza karatasi.

Uliniandikia sheria ya kijiji, kwamba hakuna anayehama bila kuuliza na kujibiwa. Basi mimi nauliza.

Mimi na Mama Mikate tunataka kuoana. Si jambo la jana. Tulianza kuongea mwaka jana, wewe hujapata hata hiyo kazi, na stuli zake ziliisha zamani. Tanuri lake limejengwa pale pale, halibebeki. Mimi nyundo na sindano zangu zinaingia kwenye begi moja. Kwa hiyo wa kuhama ni mimi, niende kwake mtaa wa nyuma.

Siku ile unaondoka nilikubebea begi hadi stendi kwa sababu nilitaka kukwambia. Nilikuzunguka pale, nikanunua maji, nikayarudisha, nikanunua tena. Ukaniambia nisibadilishe hata pazia. Nikameza maneno, nikakupungia mkono. Tangu hapo nina wingu kichwani, mwanangu, na wewe unapita tu na wavu wako.

Mama yako nilimpenda, na bado nampenda, hilo Mama Mikate analijua na wala hataki nilifiche. Lakini nimechoka kulinda pazia. Jioni nakaa kwenye lile kochi, wewe huko, mama yako kule aliko, mimi hapa nawasha gemu ili nisalimiwe na bata. Sitaki kukuonea haya kusema hivi. Nina upweke, mama. Nikiwa tanurini kwa yule mama nacheka, na nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mtu wa kucheka.

Ukisema nibaki, nitabaki. Sitanuna wala sitakusema kwa watu. Wewe ndiye mwanangu wa pekee na hii nyumba ni yako. Nimekuuliza kwa heshima, nijibu kwa moyo wako.

Nihame, au nibaki?

Baba yako


Kituoni
28 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nilipomaliza kusoma niliandika BAKI, kwa herufi kubwa, katikati ya karatasi. Karatasi hiyo nikawashia jiko. Nikaandika ya pili, hiyo ikawa na sababu: paa linahitaji mtu, mgongo wako, majirani watasema nini. Nikaisoma kwa sauti mpaka nikajisikia ninavyokupanga, kaa pale, dirishani, usisogee. Nayo nikaichoma. Mpishi alifurahi, kuni zilikuwa mbichi.

Sikufichi, nina hasira, na nina wivu juu ya mama wa watu asiye na kosa. Nilikuwa nimejipangia kwamba kila kitu kikibaki mahali pake, basi Mama atakuwa bado yupo kidogo, ametoka tu kwenda dukani. Kumbe kumweka yeye nilikuwa nimekuweka na wewe humo humo ndani. Nisamehe, Baba. Mimi huku kazi yangu ni kutazama mawingu asubuhi hadi jioni na kuyaandika, la kwako sikuliona, na mwenzangu amenitania mpaka nimekoma.

Nenda. Nenda, Baba yangu. Sikwambii kwa kujilazimisha, au nimejilazimisha siku ya kwanza tu. Oa, cheka, nenepa, Nyani aseme atakavyo. Kochi la Mama ukitaka lihamishe, ukitaka lishone upya, ukitaka liache hapo, wewe ndiye fundi. Mwambie Mama Mikate namsalimia. Sijui bado nitamwitaje, aniombee subira.

Ila kuna kitu kinaninyima usingizi, na nakwambia kwa sababu na wewe umeniambia vyako. Mwezi wa nane nikishuka na begi langu, kule kwetu kumefungwa na wewe una kwako kwingine, mimi nitakuwa mgeni wa nani? Nitabisha hodi mlango gani?

Mwanao


Mtaa wa nyuma
8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Barua yako nilimsomea Mama Mikate, akalia, unga ukamganda usoni.

Mlango ni wa bluu, ukishapita tanuri. Chumba chako ni cha mkono wa kulia, kile chenye ukuta unaopata joto la moto wa mikate, maana najua umetoka kwenye baridi. Nilikipaka rangi kabla sijakuandikia kuomba ruhusa. Kama ungesema nibaki, kingekuwa chako vilevile.

Ufunguo nimeutia ndani ya bahasha hii. Usibishe hodi. Ingia.

Baba yako