Hukuliwa, Mwalimu

Mwalimu,

Jiwe la kaburi lako limesimama. Herufi nimezikagua moja moja, maana fundi ni Mwingereza na kwake Kiswahili ni nakshi tu.

Nusura uliwe. Kamati ya kanisa letu hapa Tottenham ilitaka pachongwe: ALICHAGULIWA NA MUNGU. Nikakumbuka Jumamosi zetu za masomo nyuma ya duka la mkeo, Mama Rose. Wewe na sare yako ya udereva wa basi, kidole juu: "Anayesema amechaguliwa, msikilize mwisho wa neno. Ameliwa huyo." Sisi tulicheka. Wewe hukucheka. Seminari uliiacha kwa miguu yako, na bado ulimpenda Mungu kuliko wengi waliobaki. Ulisema Mungu ni abiria mstaarabu: kengele anabonyeza, usukani haugusi. Ukisimama, umesimama wewe. Ukipitiliza, usimsingizie.

Basi nikaenda kikaoni. Mimi, mfagiaji wa wodi, cheti sina hata cha kuogelea. Nikasema tuandike ALIMCHAGUA MUNGU. Mzee wa kanisa akavua miwani: "Kijana, unataka kumsahihisha Mungu sarufi?" Nina miaka hamsini na mbili, lakini hiyo "kijana" nikaipokea. "Hapana, Mzee," nikamjibu. "Nawasahihisha ninyi."

Wakapiga kura. Watu wanaosema binadamu hana hiari, mikono juu, wanachagua. Ungefurahi. Kura zikalingana, akabaki Mama Rose, mkoba mapajani. Akasema, "Huyu alinichagua hata mimi, na malaika wa kumtuma sikumwona." Akanyoosha mkono.

Nilijivuna, Mwalimu. Nilivimba mpaka kituo cha basi.

Halafu siku ya kusimamisha jiwe binti yangu akalisoma, akauliza, "Dad, sasa hapa nani kamchagua nani?" Nikasoma tena. Lo. Inasomeka pande zote mbili: wewe ulimchagua Mungu, au Mungu ndiye alikuchagua. Mzee wa kanisa alikuwa pembeni, anatabasamu. Alikuwa ameliona zamani. Nilitaka kukasirika. Kisha nikakusikia wewe, nikamwambia binti, "Chagua."

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi neno "sina jinsi" halitatoka tena kinywani mwangu, na Jumamosi zetu hazitakufa. Kiti chako nyuma ya duka nimekikalia.

Hakuna aliyenichagua.