Unga wa Shimo la Pili

Jumatatu, 7 Julai 1997
Kazi nimepata! Tunatwanga mawe ya watu wa utafiti, kwenye ghala la pamba lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waje. Jiwe linang'aa, nikadhani dhahabu. Novatus msimamizi akanicheka, ati ni nikeli na salfa. Linanuka yai viza — kinyaa! Nimenawa kwa majivu, wapi. Ng'washi amekataa ziwa. Kamwanangu kamegeuza uso.

Jumatano, 9 Julai
Nimemuuliza Bwana Constantine, mtaalamu wa mawe, unga huu wa nini. Kaeleza bila dharau. Zamani sana mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini. Salfa ikizidi humo, inakamata nikeli, inatuama nayo. Lakini salfa yenyewe ilitoka wapi? Chini kabisa, au mwamba uliila kwenye mawe ya jirani njiani? Kuna salfa nzito na nyepesi — isotopu. Maabara wanapima ipi imezidi, wanajua kwao ni wapi, wanajua pa kuchimba. Kwa hiyo kila shimo na mfuko wake. Ukichanganya, jiwe linasema uongo.
Anataka pia mwanamke mmoja wa kazi ya kudumu. Novatus ndiye wa kumtaja. Mungu wangu! Ningeezeka bati, Ng'washi asinyeshewe tena.

Alhamisi, 10 Julai
Mfuko wa shimo la pili umepasuka. Unga karibu wote sakafuni, penye dawa ya pamba ya zamani. Novatus kauzoa na vumbi lake, kautia mfuko mpya, kajaziliza unga wa shimo la tano! Nikamwambia hayo ni mawe mawili. Akasema, "Shemeji, siku hizi nani anauliza pamba safi au fifi, ile chafu? Watu wanataka kilo."
Kama mume wangu Jilala, msimu huu kamwagia pamba maji na mchanga izidi uzito, akarudi anajisifu. Siku ile chakula hakikushuka. Sasa na mawe? Nimetema mate.
Uliobaki ndani ya mfuko uliopasuka, kiganja tu, nimeufunga kwenye pindo la khanga.

Jumamosi, 12 Julai
Naandika nyuma ya ghala, Ng'washi ananyonya. Gari linapakiwa. Bwana Constantine kafungua mfuko wa shimo la pili, kasugua unga vidoleni, haupendi. Novatus kasema nilitwanga mimi, niulizwe mimi. Nikaomba nimnyonyeshe mtoto kwanza.
Novatus kapita hapa, kainama kama anamchezea mtoto. "Nimeshakutaja wewe. Sema tu ni wa shimo la pili."
Pumzi yake yanuka kuliko jiwe.
Bwana Constantine anaita. "Mama Ng'washi!"
Fundo la khanga liko hapa, chini ya kisigino cha mtoto.
Anaita tena. Ng'washi ameachia ziwa. Naenda, fundo mkononi.