Nyumba ya Soweto Nimempa Bi Rehema Aisimamie

Bibi, mke wangu,

Mjukuu wako na mumeo nipo Iringa, mzima, na uzuri wangu haujapungua. Geti nililochomelea wiki jana, watu wanasimama barabarani kulitazama. Najua ungesema, "Wanatazama lilivyopinda." Sema tu. Huko uliko huwezi kunirushia kandambili.

Tangu tukuzike, wajomba walikuwa wananiuliza nyumba uliyoniachia pale mtaa wa Soweto, Mbeya, nitaiendeshaje nikiwa huku, na huku na Soweto si pua na mdomo. Nikawajibu vyumba ni sita tu na simu ninayo, kwani kuna nini cha kusimamia?

Bibi, nilijidanganya. Mwezi wa sita, kwenye ile baridi yenu, bomba la uani lilipasuka. Mama Zawadi, mpangaji wako wa chumba cha mwisho, akanipigia. Nikamwelekeza kama daktari bingwa: funga na mpira wa baiskeli, kaza, nakuja kesho. Kesho yangu ikawa siku ya tano. Nafika, ukuta wake umelowa mpaka dirishani, godoro liko juani, Zawadi anakohoa. Hakunigombeza. Alinikaribisha chai. Afadhali angenitukana, maana matusi nimeyazoea kwako.

Ndipo nikamtafuta Bi Rehema, mama mmoja wa mjini anayesimamia nyumba za watu walio mbali. Wajomba wakanuna: kumpa mtu baki funguo ni sawa na kuuza nyumba ya marehemu. Kusema kweli, Bibi, na mimi niliogopa hivyohivyo. Niliona akiingia yeye, wewe ndiyo utakuwa umeondoka kabisa.

Alikuja asubuhi. Nikaanza kujisifu, akanikata, "Mwanangu, ngoja kwanza nione." Akapita chumba kwa chumba, anagonga kuta, anainua mikeka, anawauliza wapangaji mvua ikinyesha inaingilia wapi. Nimekulia humo na sijawahi kumuuliza mtu hilo. Mama Zawadi, yule mkimya, aliongea mpaka chai ikapoa. Nikakumbuka ulivyokuwa unazunguka uani kila asubuhi na kanga yako begani. Mimi nikidhani unatafuta umbea.

Tumeandikiana mkataba wa mwaka mmoja kwanza. Ataita mafundi, ataamua ugomvi wa umeme wa luku. Sharti langu nimeliandika mwenyewe, kwa elimu yangu ya kidato cha pili: hakuna mpangaji wako atakayetolewa kabla sijafika nikamsikiliza. Akalisoma mara mbili, akasaini bila kubisha.

Ukuta umekauka, Bibi. Kikohozi cha Zawadi kimeisha, sasa anawasumbua kuku wa jirani.

Mwezi ujao nakuja kupalilia kaburi lako, na Bi Rehema nakuja naye nimtambulishe. Usimwonee wivu, ana mume wake. Pumzika, mke wangu. Nakuahidi kila mwezi nitakwenda Soweto, nikae na wapangaji wako siku nzima, mdomo nimefunga, nasikiliza.

Nusu siku. Mimi na wewe hatudanganyani.