Ukelele wa Langoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto, na umpe Baba zake kabla hazijapoa. Hali yako ikoje? Ile miwani mipya imekuzoea, au bado mnagombana? Na Baba, bado analala huku redio inaongea, kisha ukiizima anafumbua macho na kusema alikuwa anasikiliza? Sisi huku wazima kabisa. Tunakula, tunacheka, na wajukuu wako wanarefuka kana kwamba wamepewa tarehe ya mwisho.

Najua umeshangaa kuletewa barua ya karatasi na mtoto anayekutumia vikatuni kwenye simu kila asubuhi. Sababu ni kwamba neno nililo nalo safari hii haliendi vizuri kwa simu, na wewe ukipigiwa unajibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Kwa hiyo kaa kitako, Mama, umwite na Baba. Hiyo flashi niliyoifunga pamoja na barua msiichomeke kwanza kwenye redio. Nakuomba. Soma mpaka mwisho, ndipo msikilize.

Habari ya kwanza unaijua nusu. Umesikia kwamba Kaka amerudi kwenye bendi, ila hukusimuliwa alivyorudi. Alitokea Jumamosi moja mlangoni pa karakana, unga wa mbao umemkaa kwenye nyusi, akauliza kama bado tunahitaji mtu wa kupiga kelele. Mwalimu, mpiga gitaa wetu anayefundisha hesabu, alikuwa ameapa mbele yetu wote kwamba huyo mtu akirudi hamsalimii mpaka aombe radhi kwanza. Basi huyo Mwalimu mwenye kiapo ndiye aliyemkimbilia, akamkumbatia mpaka miguu ya Kaka ikaning'inia. Hiyo radhi hatujaisikia hadi leo, na sidhani kama kuna anayeikumbuka.

Nikueleze na mahali penyewe, maana hujapaona tangu tuhame. Tunapigia nyuma ya karakana ninakoshona makochi. Tajiri wangu hutuachia stoo kila Jumamosi mchana wateja wakishaisha, kwa sharti moja tu, kwamba tusikalie viti vya watu. Kuta zote tumezibandika mabaki ya sponji ili majirani wasitulaani, ya njano, ya bluu, ya waridi, yoyote tuliyoyapata, hata mtu akiingia anajiona yumo ndani ya keki. Mimi na dramu zangu tuko kona ya mbali. Kwenye kinanda yuko Muuguzi, ambaye huja moja kwa moja kutoka zamu na viatu vyake vyeupe. Besi inapigwa na Shemeji. Kwa kweli ni shemeji yake Mwalimu, lakini siku hizi ni shemeji wa kila mtu, na kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza redio, ndiye pia fundi wetu wa kurekodi. Pembeni kuna kichumba cha kuwekea vitambaa. Humo ndimo anamosimama mwimbaji.

Wewe muziki wetu unauita muziki wa mapanga, na sikatai. Nyimbo zetu zimejaa mapanga, ngome, farasi na watu wanaokula viapo juu ya milima wakati wangeweza kuvila nyumbani. Magitaa yanakimbizana, kinanda kinamwagika, dramu zinaanguka kama mvua ya mawe juu ya bati, na juu ya vurugu hiyo yote lazima awepo mtu mmoja wa kuimba sauti ya juu, juu sana, mpaka msikilizaji asisimkwe na mwili. Kaka ndiye aliyekuwa mtu huyo. Alipopata watoto na kwenda kiwanda cha mbao, tulimpata kijana mwingine, mpole, mwenye adabu zake, na aliimba nasi miaka mingi mpaka alipoanzisha bendi yake ya harusi. Hatuna ugomvi naye hata chembe. Lakini kuna wimbo mmoja ambao Mwalimu hakumruhusu kuugusa hata siku moja.

Unaitwa "Langoni", na aliutunga Kaka mwenyewe enzi za ujana. Mpiganaji anarudi kwao baada ya vita, usiku, mvua, na lango limefungwa. Hakuna anayemtambua. Basi anapiga ukelele mmoja mrefu, ndipo wanamjua na kumfungulia. Zamani Kaka alipoufikia ukelele ule, ukumbi mzima ulisimama. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya pale tu, na baada ya pale wengine wanatoka kwenda kununua soda. Wimbo huo haukuwahi kurekodiwa. Kwa hiyo aliporudi, hatukujadiliana hata kidogo. Albamu itaitwa "Langoni", wimbo huo utafunga, na Mwalimu akawatangazia wapenzi wetu wote mtandaoni kwamba ukelele umerudi.

Sasa sikiliza kosa letu, Mama, kosa la watu wanaopendana kupita kiasi. Kaka alikuwa bado anamalizia kazi zake kiwandani, sisi tukaona tusimchoshe. Tukarekodi vyombo vyote vya nyimbo zote kabla hajaja kuimba, kwa kiwango kilekile cha juu cha sauti yake ya zamani. Muuguzi aliuliza mara moja tu kama si vizuri tumsikie kwanza. Mwalimu akasema kumuuliza mtu kama bado anaweza ni kumshushia heshima. Tukakubali sote. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu aliyeshinda miaka yote hiyo akipigia wenzake kelele juu ya misumeno, koo lake haliwezi kuwa lilelile.

Alipoingia kichumbani na kuanza kuimba, tulitazamana. Sauti ilikuwa imeshuka. Mama, ilikuwa imeshuka ikawa nzuri! Imekuwa nzito, ina mikwaruzo, ni sauti ya mtu aliyetoka vitani kweli, si kijana anayeigiza. Nyimbo zote nyingine alizifinyanga zikakaa, pengine kwa kushuka ngazi moja chini ya tulivyozoea, na Muuguzi alisema hajawahi kusikia Kaka akiimba vizuri hivyo. Kisha tukafika "Langoni". Alivuta pumzi, akaupanda ule ukelele, na katikati ya njia sauti ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika palepale. Alijaribu Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka Muuguzi akamshika taya, akammulika kooni kwa tochi ya simu na kumpiga marufuku kwa wiki nzima.

Hapo ndipo furaha ilipoanza kuingia mchanga. Mwalimu alitaka tushushe wimbo na kurekodi upya, Kaka akakataa, akasema ukelele ukishushwa unakuwa mtu anayeita muuza maziwa. Shemeji akasema mashine yake inaweza kuivuta sauti juu kidogo. Akaivuta, tukasikiliza, na yeye mwenyewe akaomba msamaha. Mimi nilimkumbusha Kaka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akanijibu kwamba huo ni usemi wa watu wenye koleo la akiba. Siku hiyo alikunja karatasi zake taratibu, akatuambia tumpe Jumamosi moja ya mwisho. Ikishindikana, tumtafute mwenye koo, yeye arudi kwenye mbao zake na asisikie tena habari za bendi. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira nisingeogopa, maana hasira za kaka yangu nazijua, huisha kabla ya chakula. Alisema kwa upole, na nilikwenda nyumbani nikalia.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Kaka yuko ndani ya kichumba, hedifoni masikioni, maikrofoni iko wazi, Shemeji amekwisha kuanza kurekodi. Amejaribu mara ya kwanza, imekatika. Tumepumzika kidogo, kila mtu anakwepa macho ya mwenzake. Simu yangu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwako. Nikaona nikusikilize haraka haraka, huenda kuna mgonjwa, nikabonyeza na kuiweka simu sikioni. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi ile niliiunganisha na mitambo ya Shemeji ili niwasikilizishe mdundo fulani. Sauti yako haikuja sikioni kwangu. Ilitoka kwenye spika zote, na kwenye hedifoni za Kaka.

Mama, unajua mwenyewe unavyoanza ujumbe. Huamini kwamba simu inafika mbali, basi unasimama mlangoni kama vile sisi bado tuko mwisho wa mtaa tunacheza, na unaita. "Mwanaaaaangu weeeee!" Ulianza chini, ukapanda, ukakaa kule juu, wala hukutetereka.

Mwalimu alisimama na kuweka gitaa chini, mtu mzima mwenye mvi. Shemeji alivua kofia. Na ndani ya kichumba Kaka, bila kufikiri, kwa sauti yake hiyo mpya nzito, akaitika, "Naam, Mama!" Akaufungua mlango na kutoka mbio na hedifoni kichwani mpaka waya ukamrudisha nyuma.

Tulicheka mpaka Muuguzi akakaa juu ya kochi la mteja. Ujumbe nao uliendelea, wote wakasikia habari za goti lako na jinsi mimi nisivyopokea simu, na ndiyo maana ndani ya mfuko huu kuna dawa ya kuchua. Imetoka kwa Muuguzi, paka asubuhi na jioni. Kisha Muuguzi akainuka, akarudi kwenye kinanda, akaomba nikuweke tena. Akabonyeza kitufe kimoja, mlio ukalingana na wako. Ulikuwa umesimama palepale, Mama, juu ya ukelele wa "Langoni", pale Kaka anapokatikia.

Sisi tukashangaa. Kaka hakushangaa. Alikaa juu ya mtumba wa vitambaa akasema aliyoyaficha tangu ujana kwa sababu aliona haya mbele ya rafiki zake. Alisema ukelele ule hakuutunga yeye. Alipokuwa anautafuta wimbo alijiuliza ni sauti gani mtu aliyepotea angeitambua hata gizani na kwenye mvua, akakumbuka jioni zile unamwita arudi nyumbani. Akakuiga. Miaka yote ile watu wakisimama ukumbini, walikuwa wanakusimamia wewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini sumu yenyewe, Mama, bado unayo wewe.

Neno langu, basi, ni hili. Sauti iliyo kwenye wimbo wa mwisho wa albamu hii ni yako. Mpiganaji anafika langoni, vyombo vyote vinanyamaza, na hapigi tena kelele yeye. Anaitwa kutoka ndani. Shemeji ameusafisha ujumbe wako, amekata habari za goti, na amemtoa jogoo wa jirani aliyekuwa anawika nyuma yako, ingawa Mwalimu alitaka abaki. Kisha inasikika "Naam, Mama" ya Kaka, ileile ya siku ile, kwa sababu maikrofoni ilikuwa wazi. Alijaribu kuirudia vizuri zaidi, tukamwambia aache. Baada ya hapo magitaa yote yanaingia kwa pamoja, na mimi huko kwenye dramu sijui ninapiga nini kwa sababu machozi yananizuia kuona.

Albamu haijatoka. Tumekataa wote kuitoa kabla ya kupata ruhusa yako, maana wewe ni mwenyekiti wa akina mama, mtu wa heshima zake, na huenda hutaki kusikika ukiita mtoto katikati ya mapanga. Kaka anaogopa kukuuliza, ndiyo maana nimetumwa mimi, kitinda mimba mwenye uso mkavu. Yuko hapa nyuma yangu anajifanya anakunja nyaya. Anasema nikuandikie kwamba ukikataa hatakasirika na hataondoka. Wimbo utatoka na pale pataachwa kimya, kwa sababu hakuna mwingine wa kupajaza.

Sasa chomekeni flashi. Mwambie Baba aongeze sauti, na kwa mara hii moja asilale.

Wasalimie majirani wote, hata yule mwenye jogoo, ila jogoo msimweleze yaliyompata. Wajukuu wanakubusu mikono, wakwe wanakuamkia, na bendi nzima inakupa shikamoo. Ukikubali, Mama, usijisumbue kuandika. Simama mlangoni, uite. Kaka ataitika.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Kitinda mimba wako, mpiga dramu