Sinema Isiyo na Wapagazi

Geita, Jumamosi, 1938

Upuuzi mtupu! Wameionyesha tena hapa mgodini ile sinema ya vita vya Mjerumani, nami nimekwenda tena kama mjinga.

Askari wanavuka pori siku nzima na buti zao bado zinang'aa. Mizigo inajibeba yenyewe? Mimi niliyebeba masanduku ya risasi kutoka Tabora sikuona humo mpagazi hata mmoja, wala funza, wala kuhara.

Jirani yangu Masanja alikuwa anapiga makofi.

"Unashangilia nini?" nikamwuliza. "Vita havikuwa hivyo."

"Sasa mbona hukosi hata mara moja, Baba Kulwa?"

Angeelewa nini?

Nakwenda kwa ajili ya kipande kimoja tu. Askari anaanguka, mwenzake anarudi kwenye risasi, anamnywesha maji, anambeba mgongoni. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote. Kaka yangu Shija alipoanguka njiani, hakuna aliyerudi. Mimi nilikuwa mbele na mzigo wangu, nikaambiwa jioni.

Leo yule askari alipogeuka kumrudia mwenzake, nilijikuta nimesimama, napiga kelele, "Kimbia, ndugu yangu! Kimbia!"

Watu wote wakacheka. Wacheke.