Ujumbe wa Mchana Uliomkimbiza Baba wa Watu

Mshauri mpendwa,

Shikamoo, na naomba unisaidie kabla sijarudishwa kufua shuka, maana ndiko nilikoanzia kazi hapa kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, halafu mkuu wetu akaona watoto wananipenda akanipa chumba kizima nikilee, na mimi nakipenda kuliko ninavyoweza kusema, ingawa nina wangu nyumbani anayeota meno na usingizi nausikia tu kwa wenzangu.

Tatizo ni ujumbe. Kila mchana tunawatumia wazazi ujumbe wa simu kuwaeleza mtoto ameshindaje, nami huandika mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine na nepi, kwa hiyo naandika kwa kifupi, na juzi nikaandika hivi: “Amepanda kiti. Ameanguka. Amelala. Hajala.” Basi hata sijamaliza kukunja nepi, baba wa mtoto, ambaye ni fundi bomba, akaingia na spana mkononi na mabuti yanachuruzika maji, anapiga kelele, “Mwanangu amezirai tangu saa ngapi?” na mtoto ndiyo kwanza anaamka, anamtazama, anamwambia, “Baba, umelowa!” Sisi tukacheka lakini mkuu hakucheka, akasema akiona ujumbe mwingine wa namna ile chumba atampa mtu mwingine.

Nikaona dawa ni yale maneno ya kuunganisha tuliyofundishwa kwenye insha, nikayamwaga yote, kesho yake nikaandika: “Aidha amekunywa uji. Hata hivyo amebadilishwa nepi. Hatimaye amecheka.” Mama mtu, fundi cherehani, akajibu: “Mlezi, hata hivyo nini, kwani mlikuwa hamtaki kumbadilisha? Na hatimaye amecheka, ina maana asubuhi yote analia?”

Mwenzangu wa chumba cha wachanga, tunamwita Shangazi, yeye ujumbe wake wazazi wanasomeana. Jana aliandika: “Uji aliukataa mpaka alipomwona mwenzake anakunywa, ndipo akadai kikombe. Jino linamsumbua, kwa hiyo usiku akikulilia usishangae.” Jamani, si utamu huo? Nampenda bila kijicho. Akaniambia, “Mdogo wangu, lete simu nikuandikie,” nikamwambia hapana, Shangazi, watoto nimewalea mimi, habari zao nitazisema mimi. Mume wangu naye ananitania: “Mama mtoto, ukisema unatiririka, ukiandika unadondosha kokoto.” Nifanyeje?

Ni mimi,
Kokoto

*

Kokoto,

Marahaba, na pole kwa meno ya mtoto. Sasa kaa chini, kama kuna kiti kisicho na mtoto juu yake.

Kwanza nikugombeze. Baba wa watu ameacha maji yanamwagika nyumbani kwa mtu kwa sababu wewe ulikuwa unaandika huku unafunga nepi! Maliza nepi, nawa mikono, ndipo ushike simu. Mzazi anaweza kusubiri kidogo. Moyo wake ukishapasuka, hauna fundi.

Pili, umenishangaza. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikapoa, na sikupotea hata mara moja. “Halafu mkuu wetu akaona”, “ingawa nina wangu”, “kwa hiyo naandika kwa kifupi”. Nani alikufundisha? Hakuna, ulikuwa unanisimulia. Maneno unayoyatafuta kwenye insha unayo mdomoni tangu utoto.

Kosa lako la juzi ni kwamba ulimpa baba vipande vinne ukamwacha aviunge mwenyewe, na mzazi mwenye hofu huunga vibaya. La kesho yake ni kwamba ulinyunyiza maneno kama chumvi, bila kuonja. Ukiandika “lakini”, msomaji anajiandaa kwa mgeuko. Ukiandika “hatimaye”, anajua kuna kitu kilisubiriwa. Usimwandae kwa kitu ambacho hakipo. Uji na nepi havina ugomvi, viache vikae jirani kimya kimya.

Fanya hivi. Kabla ya kuandika, mwambie mzazi kwa sauti, kana kwamba amesimama mlangoni. Pale ulimi wako unaposema “kwa sababu” au “ndipo”, andika hivyo hivyo. Usiposema, weka nukta. Shangazi mpende, tena msome, ila simu usimpe. Hapo ulisema sawasawa, nami nimekuvulia kofia.

Nimebahatisha kilichotokea siku ile, wewe sahihisha: “Alipanda kiti akifuata mwanasesere, akaanguka, lakini aliangukia mito, kwa hiyo hakuumia. Alicheka mpaka akachoka, ndipo akalala kabla chakula hakijaiva. Chake tumemwekea.” Fundi bomba angesoma hayo akatabasamu, akaendelea kukaza bomba lake.

Andika ujumbe wa kesho kwa mtindo huo na mwonyeshe mkuu kabla hujautuma. Akikurudisha kwenye shuka, niandikie tena. Ila sitakaa mlangoni kuisubiri hiyo barua.