Ritani ya Kwanza ya Esta

Jumatatu, 14 Julai
Nimepinda sketi za kwaya mpaka vidole vimekufa ganzi. Julai ya huku kusini ni baridi kali, na karakana yetu ya ushonaji ya Jeppestown haina hata hita. Mchana ujumbe kutoka kwa watu wa kodi: wanamtaka Esta. Mwanangu wa miaka kumi na tano! Hata kusonga ugali hajui.

Ni ile fleti ya mtaa wa Observatory. Marehemu mume wangu aliiandikisha kwa jina la Esta. Pango hupokelewa na shemeji yangu, Musafiri. Msibani ukoo uliamua hivyo: mdogo wa marehemu ndiye baba wa mtoto sasa. Mimi sikuulizwa. Ada ya shule huileta, siwezi kusema uongo. Pesa nyingine sijui zinakwenda wapi.

Jumatano, 16 Julai
Braamfontein, kwa Wanjiru, dada Mkenya anayejazia watu ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka. Ameeleza polepole. Baba alipokuwa hai pango lilihesabiwa kipato chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyempa mtoto fleti. Alipofariki likawa la Esta. Limepita kiwango kisichotozwa kodi. Basi Esta lazima awasilishe ritani, hata kama bado anakula na kulala kwangu. Mzazi aliyebaki amtilie sahihi.

Akauliza tangu msiba pango limetangazwa kwa watu wa kodi kwa jina la nani. Nikamwaza Musafiri. Kwa hasira nilipitiliza kituo cha basi.

Alhamisi, 17 Julai
Musafiri amekula pango la mtoto. Namchukia. Nachukia hata kicheko chake, maana ni kicheko cha marehemu kabisa, na Esta akikisikia hukimbilia mlangoni.

Jumamosi, 19 Julai
Nilimpeleka Musafiri kwa Wanjiru. Nilijiandaa kwa ugomvi.

Akafungua simu, akaonyesha ritani zake. Pango lote limo. Amelitangaza kama lake, na kodi yake ameilipa kwa mshahara wake wa ulinzi, si kwa pango lenyewe. Hakuficha kitu. Alijua sheria inalihesabu pango kwa baba. Na baba ni yeye.

Wanjiru alimpa pole kwanza. Kisha: "Kwa sheria, wewe si baba yake."

"Nilipewa huyu mtoto mbele ya watu wote," Musafiri akasema. "Mama Esta alikuwepo."

Nilikuwepo. Siku ile sikupinga.

Wanjiru akapanga: ritani za Musafiri zisahihishwe, za Esta ziandaliwe, mimi nitie sahihi. Musafiri akauliza jina lake litaandikwa wapi kwenye ritani ya mtoto. Wanjiru akamwambia hakuna mahali. Aibu ilinishika, sikuweza kumtazama.

Jumanne, 22 Julai
Nimetia sahihi. Jioni Musafiri amenikabidhi mkataba wa wapangaji. Hakukaa, chai hakunywa. Esta akamuuliza kwa Kiingereza atarudi lini. Akamjibu kwa Kiswahili: "Muulize mama yako."

Nilitaka kumwita kwenye ngazi. Nilishindwa nianzie wapi.

Jumapili, 27 Julai
Kanisani Musafiri amekaa nyuma, peke yake. Mwisho wa ibada mchungaji akawaita kina baba mbele na watoto wao, awabariki. Esta akasimama, akageuka kumtafuta. Musafiri alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona mabega yake yakitikisika.

Esta akasubiri. Wengine wote wakapita mbele. Kisha akaketi, akaniuliza kwa sauti ndogo yeye amemkosea Musafiri nini.